Kanga Moja na Nusu

Aliyesoma wasifu wa marehemu Benedikto alikuwa mwenyekiti wa mafundi wa mtaa wa Gerezani, mtu mnene mwenye sauti iliyozoea kushindana na nyundo. Alisoma kijiji alichozaliwa kule Masasi, shule aliyosoma, watoto aliowaacha, kisha akashusha karatasi akatabasamu. "Sisi wenzake tulimwita Fundi Kanga," alisema, "maana kuna mwaka alipima gari la mteja kwa kanga badala ya futi, kanopi ikaja fupi." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho kila mtu hukitafuta ili apate kupumua. Mimi nilikuwa mkekani upande wa wanawake, miguu imekufa ganzi, na sikucheka. Niliijua kanga ile. Nilijua ilikuwa na rangi gani, nani aliifua na kwa maji ya aina gani. Nilijua pia kwamba Benedikto hakulipima gari lile. Nililipima mimi, na kwa zaidi ya miaka ishirini na tano niliwaacha watu wamcheke yeye.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza kanga kwenye baraza la nyumba kuukuu ya Kariakoo, moja ya zile nyumba za chini zenye mlango wa mbao katikati na vyumba vitatu kila upande. Kariakoo ilikuwa imeanza kuota maghorofa. Leo ukipita mtaa ule utaona vioo hadi shingo iume, lakini wakati huo ghorofa moja likisimama, tulikwenda kulitazama. Mwenye nyumba yetu alikuja asubuhi moja na watu wawili wenye ramani, wakazungumza juu ya vichwa vyetu kama vile sisi ni meza, na baada ya kuondoka akatuambia tuna miezi mitano ya kutafuta pa kwenda. Wenzangu waligawana pembe za mitaa mingine. Mimi nilifika nyumbani na wazo ambalo nililiona la ajabu hata mimi mwenyewe. Kama wateja wangu hawataniona tena barazani, basi nitawafuata waliko, kwenye shughuli zao, Temeke, Mbagala, Ukonga, na kanga zangu zikiwa zimepangwa ndani ya gari kama duka. Gari nililijua liko wapi. Lilikuwa ubavuni mwa nyumba ya shangazi Mwantumu, Magomeni, na kuku walikuwa wanatagia ndani yake.

Ilikuwa pikapu ya marehemu mume wake. Injini ilikuwa nzima, na marehemu ndiye aliyenifundisha kuendesha, Jumapili asubuhi pale uwanjani Jangwani, huku akishika mlango kama mtu anayejiandaa kuruka. Lakini nyuma ilikuwa wazi, na kanga na mvua havipatani. Shangazi alikuwa amepata mnunuzi. Nilimsikia akimweleza jirani uani wakati mimi nimo jikoni nakuna nazi, na ukuta kati yetu ulikuwa wa mabati tu. "Marehemu kaniachia gari, kaka yangu kaniachia Hidaya," alisema, "na vyote viwili vimekaa tu, vinanitazama." Jirani akacheka mpaka akakohoa. Niliendelea kukuna, ila nadhani nazi ile ilikunwa mpaka kifuu. Usiku tulikula wali na changu wa nazi, sisi wawili kwenye sinia moja, na nikamwomba asiuze. Alitoa miiba ya samaki wake wote kwanza. Kisha akasema, "Sikukatazi. Ila nataka nione kama una akili ya kazi au una ndoto. Masika yakianza, hilo gari liwe limefunikwa, na ndani pawe pakavu kama chumbani kwangu. Ukifanya jambo moja la kipuuzi, moja tu, nauza." Nilimjibu sawa, shangazi, na nikalala nikiwa nimeshaamua kwamba sitafanya hata hilo moja.

Kanopi mpya, lile paa gumu la kufunika nyuma ya pikapu, ilikuwa kitu cha watu wenye ofisi. Iliyotumika ndiyo niliyoiweza, na iliyotumika vibaya ndiyo niliyoiweza zaidi. Nikaelekezwa Gerezani kwa fundi wa bodi aitwaye Benedikto, mwembamba, mrefu, shati lake likiwa na mfuko mmoja uliochanika kwa uzito wa futi ya chuma, ile inayojikunja ndani ya kopo lake. Futi ile haikutoka pale mfukoni isipokuwa kwa kazi. Alikuwa amelala chini ya lori, nikazungumza na viatu vyake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Sema tu, dada, nakusikia."

Nikamweleza yote, hata sharti la shangazi. Hakutoka chini ya lori. Aliniambia kanopi kuukuu ziko tatu nyuma ya karakana, zimetoka kwenye magari yaliyopata ajali, nimpe kipimo cha sanduku la gari langu naye ataniambia ipi inaweza kufufuka. "Futi unayo?" aliuliza. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya kwanza, kwa sababu mfanyabiashara wa Kariakoo hasemi hana. "Ninayo," nikasema. Akasema vizuri, na nyundo ikaanza tena.

Futi sikuwa nayo. Nilikuwa na kanga, na kwetu kila kitu kilipimwa kwa kanga, kuanzia pazia na godoro hadi nafasi ya kuweka kabati. Nikatoa moja mpya kwenye mzigo, nyekundu na nyeusi yenye pindo la korosho, bado inanata kwa uwanga wa kiwandani. Nikaitandaza kwenye sanduku la pikapu, kuku wakinizomea. Urefu ukawa kanga moja na nusu, nusu ile nimeikunja na kuibana kwa vidole bila kudanganya hata uzi mmoja. Upana nikapima kwa shibiri. Nilijisifu moyoni. Nilipoingia ndani na kanga imejaa grisi, shangazi aliichukua bila kuuliza, maana hakuweza kuvumilia kitu kichafu mbele yake, akailoweka kwenye beseni la maji ya moto na sabuni ya unga, akaisugua, akaianika juani. Nikaivaa kesho yake kwenda Gerezani. Naomba msomaji anielewe vizuri: mimi nilikuwa muuza kanga. Kila siku nilikuwa nikiwaambia wateja, mama, usishone kabla ya kufua, ikifuliwa itapungua. Nimelisema neno hilo mara nyingi kuliko jina langu.

Benedikto alizikagua kanopi zote tatu akitafuta nyufa, akigonga kwa kucha na kusikiliza. Mimi nilikuwa nyuma yake natandaza kanga. Aliniambia baadaye kwamba alidhani nafuta vumbi. Kanopi kubwa, ambayo nyufa zake zilikuwa chache, ilizidi kanga yangu moja na nusu kwa upana wa kiganja, nikaikataa. Ya pili ilikaa sawasawa, pindo kwa pindo. Ilikuwa nyeupe iliyogeuka manjano, dirisha moja halipo, na kona moja ilikuwa imetafunwa na ukuta fulani. "Hii?" aliuliza, akinitazama kama mtu anayemwona mwenzake akichagua ndizi mbovu. "Kipimo kinakubali?" Nikamwambia kinakubali kabisa. Nilitoa akiba yangu yote pale, na sikusikitika hata kidogo.

Shangazi alikuwa hajaniruhusu kulitoa gari, hivyo ilipelekwa Magomeni kwa mkokoteni, watu wawili wakisukuma na mmoja akivuta, Benedikto pembeni ameishika isiyumbe, mimi mbele nikiomba njia. Tulipita Msimbazi saa nne asubuhi. Watu waliuliza kama ni boti, kama ni jeneza la tembo, na mama mmoja wa mihogo alisema huyo bwana harusi kamfunika bi harusi wake vizuri. Nilicheka na kila mmoja. Tulipofika waliiinua kwa pamoja, wakaishusha juu ya sanduku la pikapu, wakaisukuma nyuma hadi ikalingana na mlango. Mbele, kati ya kanopi na kichwa cha gari, pakabaki pengo. Nilidhani haijasukumwa vizuri. Benedikto alitoa futi, akapima pengo, akasema kwa sauti ndogo, "Sentimita kumi na moja." Kisha akanigeukia. "Dada, ulipima na nini?"

Nilishika kanga niliyojifunga kiunoni, nikaitazama, na wakati ule ule nikaelewa yote, uwanga, maji ya moto, jua. Yeye alitazama mkono wangu na kanga, akaelewa pia. Wasukuma mkokoteni walikuwa wanakunywa maji hatua tatu kutoka pale. Na shangazi ndiyo kwanza alikuwa anatoka mlangoni, mikono yake ina unga wa mkate wa kumimina, macho yake yameshaliona pengo kabla ya kuniona mimi.

"Nani kapima hivi?" aliuliza.

Nilifungua mdomo. Sijui ningesema nini, na sasa sitajua kamwe.

"Mimi, mama," alisema Benedikto.

"Umepima na nini, kwa macho?"

"Kwa kanga ya binti. Futi niliisahau kazini." Futi ilikuwa mkononi mwake. Akairudisha mfukoni polepole, na shangazi, aliyekuwa amepitisha mkono wake wote kwenye pengo, hakuiona.

"Mtu mzima, fundi, unapima gari kwa kanga."

"Ni kosa langu, mama. Nipe wiki tatu nitaliziba, na hutaona lilipokuwa."

Shangazi alimtukana kidogo, kwa adabu, jinsi wanawake wa Magomeni wanavyojua, kisha akanigeukia mimi na kunionea huruma. Alisema pole, mwanangu, mafundi ndivyo walivyo. Nikapokea ile pole. Tulipobaki peke yetu nilimuuliza Benedikto kwa nini. Alikuwa anakagua kona iliyovunjika na hakuinua kichwa. "Shangazi yako angeuza gari," alisema. "Mimi kesho nina kazi nyingine. Wewe usingekuwa nayo. Sasa njoo na nguo za kuchafuka, maana mimi pengo hilo silizibi. Utaziba wewe."

Kesho yake shangazi aliniruhusu kulitoa gari, na nilipofika nalo Gerezani, mtaa mzima ilikuwa imeshapata habari kwa wasukuma mkokoteni. Walimwita Fundi Kanga kutoka ng'ambo ya barabara. Mmoja alimletea kanga chakavu, akamwambia bosi, vifaa vyako hivi. Benedikto alicheka nao, akaifanya ile kanga kitambaa cha kufutia mikono. Siku ya tatu akaja mwenye lori, yule ambaye gari lake ndilo lililokuwa limemweka chini siku nilipofika mara ya kwanza, akaondoka nalo. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kanopi napiga msasa, na nilimsikia vizuri. "Mimi bodi langu halipimwi kwa kanga," alisema, na wenzake wakacheka. Ile ilikuwa kazi ya mwezi mzima. Ningeweza kusimama. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na kanga yenyewe kiunoni. Niliendelea kupiga msasa, na nilijiambia kwamba nikisema, maneno yatafika Magomeni kabla ya jioni, ambalo lilikuwa kweli, na kwamba nitasema shangazi akishanipa gari, ambalo halikuwa kweli. Niliona aibu siku ile, na bado ninaiona.

Kwa hiyo nilifanya kazi kwa hasira, na hasira ile nilikuwa nayo juu yangu mwenyewe. Nilikwenda kila alfajiri kabla ya baraza na kila alasiri baada yake. Tulitafuta vitu ambavyo watu wameshavichoka. Pengo tuliliziba kwa bati la pipa tulilolipiga mpaka likanyooka, tukalikunja kufuata umbo la kanopi, tukalifunga kwa riveti, kisha juu yake tukatandaza faibaglasi, vile vitambaa vya nyuzi za kioo vinavyolowekwa kwenye dawa nzito hadi vinakuwa vigumu. Dawa ikizidi inapasuka, ikipungua haikauki, na mara ya kwanza nilichanganya kopo zima likaganda na brashi yangu ndani. "Usiongeze mkono wakati una wasiwasi," Benedikto aliniambia. "Simama, pumua, halafu tia." Dirisha lililokosekana tulilikata kwenye plastiki ya bango la duka lililovunjwa, na ukiweka jicho karibu ungeona kivuli cha herufi. Mpira wa mlango wa nyuma ulitoka kwenye friji iliyokufa. Rafu nilizitengeneza kwa mbao za makreti, nikazipiga msasa mara tatu, maana kanga ikinaswa na kibanzi haiuziki tena. Jioni tulikula kwa mama ntilie wa karibu, ugali, dagaa na kachumbari yenye pilipili isiyo na mchezo, na huko nako alikuwa Fundi Kanga. Alilipokea jina hilo pamoja na sahani yake. Nyuzi za faibaglasi ziliniingia mikononi nikajikuna wiki nzima, na shangazi alinipaka mafuta ya nazi huku akiendelea kumsema yule fundi asiyejua kupima.

Mawingu ya masika yalipoanza kukaa upande wa bahari, nilirudisha gari Magomeni likiwa limepakwa rangi ya maziwa. Shangazi hakungoja mvua. Alichukua kigoda, akaingia nacho nyuma ya pikapu, akajitanda kanga yake ya kijani safi, akaagiza, "Funga. Mwagieni." Benedikto na mimi tulijaza ndoo kwenye bomba, tukamwaga juu, pembeni, na zaidi kwenye ile sehemu ya mbele iliyokuwa pengo. Ndoo kumi, kumi na tano. Maji mengine yalinimwagikia mwenyewe. Ndani kulikuwa kimya kabisa. Jirani alitoka kuuliza kama kuna mtu anaoshwa. Baada ya ndoo ya ishirini nilifungua mlango wa nyuma, na shangazi alikuwa amekaa vile vile, mikono mapajani. Aliinua pindo za kanga yake moja moja, akazikagua kwenye mwanga. "Pananuka dawa," alisema. "Tia udi." Akashuka, akaingia ndani, akarudi na ufunguo wa gari, akaniwekea kiganjani. Kisha akamwambia Benedikto aje kula, hata kama hajui kupima. Nililia nyuma ya gari, na sikulia kwa furaha peke yake.

Mwaka ule uliobaki niliuishi ndani ya kanopi ile. Nimekuwa na vyumba vingi tangu wakati huo, na leo nina duka kwenye ghorofa ya pili ya moja ya yale majengo, lakini hakuna chumba nilichokijua kama kile. Mvua ilipiga juu na mimi nilikuwa ndani nakunja doti. Wanawake walipanda wawili wawili, wakavua viatu bila kuambiwa kama wanaingia kwa mtu, wakakaa juu ya marobota, wakanywa chai ya chupa yangu, na waliniambia mambo ambayo wasingeyasema barazani. Kila mmoja nilimwambia, mama, ifue kwanza, ikifuliwa inapungua. Kila nikisema hivyo nilimkumbuka mtu mmoja. Gerezani nilipita kumsalimu, kisha nikapita mara chache, kisha nikawa natuma salamu. Gari lilichoka likauzwa vipande. Shangazi alifariki bila kujua kwamba beseni lake la maji ya moto ndilo lililokata zile sentimita kumi na moja. Hapo hakukuwa na mtu tena wa kumwogopa, na bado sikusema. Nilijiambia watu wameshasahau. Walikuwa hawajasahau, walikuwa wamezoea tu.

Mwenyekiti alikunja karatasi ya wasifu, akauliza kama kuna mwenye neno fupi kabla ya kutoka kwenda makaburini. Nikasimama. Mwanamke wa jirani akanishika kiwiko. "Naitwa Hidaya, nauza kanga," nilisema. "Lile gari lilikuwa la shangazi yangu. Aliyelipima kwa kanga ni mimi. Marehemu alikuwa na futi mkononi, akaificha, akasema ni yeye, ili mimi nisinyang'anywe gari. Akapoteza kazi kwa ajili hiyo, na mimi nilikuwepo nikanyamaza." Hakuna aliyecheka. Chini ya turubai watu walitazama mikono yao. Mwenyekiti alivua kofia. "Futi ile haikumtoka mfukoni hata siku moja," alisema taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Sisi tuliamini vipi?"

Nikaenda alipokaa mjane, Mama Agnesi. Msalaba ulikuwa umeegemezwa ukutani nyuma yake, umepakwa rangi nyeupe, jina kamili la marehemu kwa herufi nyeusi na chini yake, ndani ya mabano, Fundi Kanga. Nilipiga magoti nikamwambia mafundi wa rangi wamejaa pale, naomba jina lile lifutwe kabla hatujatoka. Aligeuka, akautazama msalaba.

"Liache, dada," alisema. "Angetaka lifutwe angelifuta mwenyewe. Rangi alikuwa nayo miaka yote."

Wanaume wakaingia ndani kulibeba jeneza. Mama Agnesi alinipa mkono nimwinue, nikamwinua, tukatoka pamoja nyuma ya msalaba.